Nyuzi na uzi: pamba ipi ni bora, na bora kwa kazi gani?

Chukua pamba kidogo kwenye kitumba kilichopasuka vizuri, uishike kwa dole gumba na kidole cha shahada vya mikono yote miwili, kisha uvute mpaka igawanyike. Kibandike kipande kimoja juu ya kingine, vuta tena, bandika tena. Ukirudia mara sita au saba utabaki na kifungu chembamba cha nyuzi zilizolala upande mmoja, ncha zimelingana kama nywele zilizochanwa. Kilaze juu ya nguo nyeusi ukipime kwa rula. Kwa pamba ya Kanda ya Magharibi ya Tanzania, yaani Simiyu, Shinyanga, Mwanza na majirani zao, utakuta urefu wa milimita 28 hivi, wakati mwingine 29.

Kwa miaka mingi wapanga madaraja wa pamba waliishi kwa ufundi huo wa vidole. Nauheshimu, lakini unajibu swali moja tu, nalo si lile analouliza mkulima anapotaka kujua kati ya mbegu hii na ile ni ipi yenye nyuzi bora. Ugumu unaanzia kwenye lugha yenyewe. Kwa Kiswahili "nyuzi" ni vile vijinywele vilivyoota kwenye mbegu, na "nyuzi" ni zile zilizokwisha kusokotwa kiwandani. Vitu viwili, jina moja, na watu wengi wanadhani sifa za kwanza huhamia kwa pili zenyewe. Hazihamii hivyo. Kwa hiyo hapa nitasema unyuzi, na wingi wake nyuzi, kwa kile kinachoota shambani, na uzi kwa kile kinachotoka kiwandani.

Unyuzi wa pamba ni seli moja tu, iliyochomoza kutoka kwenye ganda la mbegu na kuendelea kurefuka. Kwa takriban wiki tatu baada ya ua kufunguka kazi yake ni kurefuka. Baada ya hapo inaanza kujijaza ukuta kwa ndani, tabaka juu ya tabaka za selulosi, hadi kitumba kinapokaribia kupasuka, siku kama 50 au zaidi tangu ua. Kikipasuka, seli inakauka, inabonyea kama mpira wa maji uliotolewa maji, na kujipinda. Mapindo hayo ndiyo yanayofanya pamba ikubali kusokotwa, kwa sababu unyuzi unamshika mwenzake.

Shika hizo awamu mbili, maana ndipo msimu unapoingilia kazi ya mbegu. Ukame ukija wakati wa kurefuka, unapata nyuzi fupi. Ukija wakati wa kujaza ukuta, au wadudu wakimaliza majani, urefu utakuwa sawa lakini nyuzi zitakuwa nyepesi na changa. Aina ileile ya mbegu, iliyopandwa Novemba mwishoni kwa jirani mmoja na Januari kwa mwingine, inaweza kutoa pamba mbili tofauti. Sifa hazifanani katika jambo hili. Urefu na uimara hurithiwa kwa nguvu zaidi kutoka kwenye mbegu. Ukomavu hutikiswa zaidi na shamba na mvua.

Turudi kwenye urefu. Mashine za kupimia pamba, zile za HVI zinazotumika maabara nyingi duniani, hutoa urefu wa nusu iliyo ndefu zaidi ya nyuzi, pamoja na asilimia ya ulinganifu, yaani wastani wa nyuzi zote ukilinganishwa na hiyo nusu ndefu. Watu husoma tarakimu ya kwanza na kuiruka ya pili. Tuseme, kwa mfano tu, aina A ina urefu wa milimita 29.5 na ulinganifu wa 80%. Aina B ina 28.5 na ulinganifu wa 84%. Kwa macho A imeshinda kwa milimita nzima. Lakini zidisha: wastani wa A ni 23.6, wa B ni 23.9. Ile inayoitwa ndefu ina nyuzi nyingi fupi zilizofichwa nyuma ya zile ndefu, na nyuzi fupi, hasa zilizo chini ya milimita 12.7, ni hasara tupu kiwandani. Roli za mashine haziwezi kuzishika zote sawasawa, hivyo zinaelea na kujikusanya, na uzi unatoka wenye sehemu nono na sehemu zilizokonda. Kwa pamba ya kawaida, ulinganifu wa 80 hadi 82 huhesabiwa wa kati, 83 hadi 85 ni wa juu. Mimi nikipewa jedwali la aina kumi za mbegu, safu hii ndiyo ninayoanza kuisoma.

Sasa kipimo kinachowachanganya hata wataalamu, maikronea. Jinsi kinavyofanya kazi ni rahisi. Unapima uzito maalumu wa pamba, unaishindilia kwenye kikopo, unapitisha hewa. Nyuzi nyembamba zina ngozi nyingi kwa uzito uleule, hivyo huizuia hewa zaidi, na tarakimu inakuwa ndogo. Nyuzi nene huipisha, na tarakimu inapanda. Katika soko, kati ya 3.5 na 4.9 ndiyo masafa yanayopokelewa bila kukatwa bei, na katikati yake, 3.7 hadi 4.2, ndiko wanunuzi hupenda zaidi.

Tatizo ni kwamba hewa haijui kwa nini unyuzi ni mwembamba. Pamba ya Misri ya jamii ya *Gossypium barbadense*, zile ziitwazo Giza, huweza kusoma 3 au zaidi kidogo kwa sababu seli yake kwa asili ina mzingo mdogo, na imejaa vizuri kabisa. Hiyo ni pamba ya shati la bei kubwa. Pamba yetu ya *Gossypium hirsutum*, jamii inayobeba zaidi ya tisa ya kumi ya pamba yote duniani, nayo inaweza kusoma 3, na hapo maana yake ni nyingine kabisa: seli ilikuwa pana, ikakosa maji au jua kabla ya kujaza ukuta, ikabaki kama mkoba mtupu. Tarakimu ni ileile, lakini moja ni uzuri na nyingine ni ugonjwa. Ndiyo maana kulinganisha aina za mbegu kwa maikronea peke yake ni kosa. Lazima kipimo cha ukomavu kisimame pembeni yake, ili ujue wembamba ulioona umetoka kwenye uzao au kwenye njaa ya mmea.

Na uchanga hauishii kwenye karatasi ya maabara. Tandaza kitenge cha rangi iliyokolea, bluu ya usiku au zambarau, mbele ya dirisha. Kama pamba yake ilikuwa changa utaona vidoa vyeupe vidogo kama chembe za unga, vimesambaa bila mpangilio. Si uchafu, huwezi kuvifuta. Ni vinundu: nyuzi changa hazina uti, mashine zikizipiga zinajiviringa, na kwa kuwa ukuta wake ni mwembamba hazishiki rangi kama nyingine. Mama mwenye duka atasema rangi ni mbaya. Rangi haina kosa, mvua ndiyo iliyokatika mapema.

Wembamba wenye ukomavu una faida gani basi? Hapa inabidi kuhesabu kidogo, na ninaomba msomaji asiruke, kwa sababu ndiyo daraja lenyewe kati ya unyuzi na uzi.

Uzi wa pamba hupewa namba, na namba ikipanda uzi unazidi kuwa mwembamba. Uzi namba 30 maana yake ni kwamba pauni moja ina mafungu 30 ya uzi, kila moja lenye urefu wa yadi 840. Ukigeuza, kilomita moja ya uzi huo ina uzito wa gramu 19.7 hivi. Unyuzi wa maikronea 4.0, kama ungekuwa na urefu wa kilomita, ungekuwa na gramu 0.157. Gawanya: ukikata uzi namba 30 popote na kuuangalia kwenye darubini, utakuta wastani wa nyuzi 125. Ukitaka uzi namba 60 kwa pamba ileile utabaki na nyuzi 63 tu. Kwa pamba ya maikronea 3.0 iliyokomaa, namba 60 hiyohiyo itakuwa na nyuzi 83.

Sasa fikiria kamba inayobebwa na watu. Mmoja akipungua kati ya 125, hakuna atakayejua. Mmoja akipungua kati ya 60, wenzake wanausikia uzito. Nyuzi hujipanga kwenye uzi kwa bahati, hazipangwi kwa mkono, hivyo hata mashine kamilifu haiwezi kutoa uzi wenye unene uleule kila mahali. Kikomo hicho, yaani asilimia ndogo kabisa ya kutofautiana kwa unene inayowezekana, kinajulikana kwa jina la Martindale, na kwa pamba hupatikana kwa kugawa 106 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya nyuzi. Kwa nyuzi 125 ni 9.5%. Kwa nyuzi 63 ni 13.4%. Hakuna fundi atakayeshuka chini ya hapo, awe wa Dar es Salaam au wa Osaka.

Naupenda mlinganyo huu kwa sababu unatenganisha kosa la mbegu na kosa la kiwanda. Chukua tena A na B za mfano wetu, sasa kama uzi namba 30. A ina maikronea 4.0, kikomo chake 9.5. B ina 3.6, nyuzi zake 139, kikomo 9.0. Mashine ya kupimia usawa wa uzi inaposema A imetoka na 15.5 na B na 16.0, mtu mwenye haraka ataandika kwamba tofauti ni ndogo. Lakini A imevuka kikomo chake mara 1.6 na B mara 1.8. B ilianza na faida ya wembamba ikaipoteza njiani. Ndipo unarudi nyuma kuuliza kulitokea nini. Pengine vinundu viliongezeka kwenye mashine ya kadi, ile inayochana pamba, kwa sababu nyuzi nyembamba hujifunga fundo kwa urahisi zaidi. Pengine roli ziliachanishwa kwa kipimo cha A na B haikurekebishiwa. Jaribio la kusokota aina zote kwa mpangilio mmoja wa mashine linaonekana la haki, na mara nyingi ni la haki, ila linaweza kumpendelea yule aliyefanana na pamba ambayo mashine iliizoea.

Kuna kipimo cha mkono kwa hili pia. Zungushia uzi kwenye ubao mweusi, mistari ikiachana nafasi sawa, kisha usimame hatua mbili nyuma. Uzi mzuri unaonekana kama pazia la mvua nyepesi. Uzi mbaya unaonyesha mawingu, giza pale ulipokonda na weupe pale uliponenepa, na vinundu vinatokeza kama mchanga. Mashine za Uster, zilizopewa jina la mji wa Uswisi zinakotoka, hufanya jambo hilohilo kwa umeme: zinahesabu kwa kila kilomita ya uzi sehemu zilizokonda kwa 50%, zilizonenepa kwa 50%, na vinundu vilivyozidi kwa 200%. Wenye viwanda wanazitumia tarakimu hizo kujiweka kwenye mizani ya dunia.

Uimara nao una fumbo lake. Unyuzi hupimwa kwa gramu kwa teksi (teksi ni gramu za uzito kwa kila kilomita ya urefu). Kuanzia 29 ni imara, 31 na kuendelea ni imara sana, 23 kushuka ni dhaifu. Lakini uzi haupokei uimara huo wote. Ukiuvuta hadi ukatike, baadhi ya nyuzi hukatika na nyingine huteleza tu zikatoka nzima, hasa zile fupi. Kinachozizuia kuteleza ni msokoto, na msokoto una gharama. Ukizidi, nyuzi zinalala mshazari badala ya kufuata mvuto, na uzi unaanza kudhoofika tena, tena unakuwa mkavu mkononi. Pamba ndefu na yenye ulinganifu inahitaji msokoto mdogo zaidi ili kufikia uimara uleule. Tuseme kijiti cha kusokotea uzi kwenye mashine kinazunguka mara 15,000 kwa dakika. Uzi namba 30 wenye kipimo cha msokoto cha 4.0 (kinachozidishwa kwa kipeuo cha pili cha namba ya uzi) unahitaji mizunguko 21.9 kwa inchi, na kijiti hicho kitatoa mita 17.4 kwa dakika. Pamba ikiruhusu 3.6, mizunguko inashuka hadi 19.7 na uzi unatoka mita 19.3. Mashine zilezile, umeme uleule, uzi zaidi kwa 11%, na laini zaidi. Mwenye kiwanda anapolipia urefu na ulinganifu, hicho ndicho anachonunua.

Baada ya hayo yote, aina ipi ni bora? Inategemea mashine. Usokotaji wa ringi, ambao ndio hutoa uzi mwembamba na laini, unatazama kwanza urefu na ulinganifu, kisha uimara, kisha wembamba. Usokotaji wa rota, wa kasi kubwa na uzi mnene wa jinzi, mataulo na mablanketi, unataka uimara kwanza, kisha wembamba, kwa sababu unahitaji takriban nyuzi 100 ndani ya uzi ili usikatike. Urefu unakuja nyuma, na usafi ni sharti, maana vumbi hujazana ndani ya rota. Kwa hiyo aina iliyoshika nafasi ya kwanza kwenye ringi inaweza kushika ya tatu kwenye rota bila mtu yeyote kudanganya. Ripoti inayotangaza mshindi bila kusema uzi namba ngapi, msokoto gani na mashine gani, imetangaza nusu ya jambo.

Nusu nyingine hupotea kabla pamba haijafika maabara. Vitumba vya chini na katikati ya mmea, vya mwanzo kukomaa, vina pamba nzuri kuliko vya mwisho kule juu. Mtafiti akichuma vya chini na katikati kwa aina moja, na mchanganyiko kwa nyingine, amekwisha kuamua matokeo. Kuchambua nako ni hivyohivyo: kinu cha roli, ambacho ndicho kilichoenea Tanzania, hung'oa unyuzi kwa upole na kutunza urefu, kinu cha msumeno kina kasi, ila huvunja nyuzi na kuongeza vinundu. Ukilinganisha pamba ya Bariadi iliyopita kwenye roli na ya nchi nyingine iliyopita kwenye msumeno, umelinganisha vinu. Halafu hewa. Pamba ikiwa na unyevu huongezeka nguvu, kwa hiyo maabara inatakiwa kukaa kwenye sentigredi 20 au 21 na unyevu wa 65%, na sampuli zipumzike humo kabla ya kuguswa. Chumba kikavu cha Agosti kitaidhoofisha pamba nzuri kwenye karatasi. Kwa sababu ya mambo kama haya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, jijini Dar es Salaam iliwekwa kuwa kituo cha kanda cha kusaidia maabara za pamba za Afrika Mashariki na Kusini, na mwenzake wa Afrika Magharibi yuko Ségou, Mali, ili tarakimu ya huku isomeke sawa na ya kule.

Mtu akitazama mbegu zetu zenye herufi UK, za Ukiriguru karibu na Mwanza, UK77, UK91, UKM08 na zilizofuata, inafaa akumbuke kwamba aliyezizalisha hakuwa akitafuta unyuzi tu. Alikuwa akipambana na mnyauko fusari, ugonjwa wa bakteria na wadudu wafyonzao majani. Wadudu hao huzuiwa na majani yenye manyoya, na majani yenye manyoya yakikauka huacha vipande vinavyong'ang'ania kwenye pamba, ambavyo baadaye huitwa takataka na kushusha daraja. Kinga ya shambani imegeuka doa kiwandani. Tena kuna mapato ya kinu: kilo 100 za pamba mbegu zinazotoa 34% ni kilo 34 za pamba nyuzi, na zinazotoa 40% ni kilo 40. Mwenye kinu anapigania hizo kilo sita. Msokotaji anataka ulinganifu. Mkulima anataka uzito, kwa kuwa kwenye ghulio mzani ndio unaosema, na daraja ni mawili tu, safi na fifi. Watu watatu wanaiita pamba moja bora kwa sababu tatu tofauti, na mara nyingi kinachopandisha mavuno hakiendi pamoja na kinachopandisha uimara.

Ndiyo maana naumia kuona mbegu iliyochukua zaidi ya miaka kumi kuzalishwa ikichanganywa na nyingine kwenye kinu, ikarudi shambani mchanganyiko. Msokotaji anaweza kuishi na maikronea 4.5 akijua ni 4.5. Asichoweza ni robota la 3.4 likifuatiwa na la 4.8, kwa kuwa nguo itapokea rangi kwa michirizi.

Nyumbani tulichuma na vikapu viwili, kimoja cha safi na kimoja cha fifi, na mama alikagua mikono yetu jioni. Tulikuwa tukihifadhi kwenye magunia ya plastiki yaliyobaki na mbolea, kama kila mtu kijijini. Miaka mingi baadaye fundi wa kiwanda cha nguo alinionyesha kipande cha kitambaa cha bluu kilichokataliwa. Katikati yake kulikuwa na mstari mweupe wenye urefu wa kidole, unang'aa. Aliuchomoa kwa sindano, akauwasha kwa kiberiti, ukayeyuka ukawa tone jeusi badala ya kuwa jivu. Ulikuwa uzi wa gunia. Pamba iliyouzunguka, aliniambia, ilikuwa na urefu wa milimita 29 na uimara wa 30.